Mchague Jogoo Kabla Mchuuzi Hajafika

Leo nazungumza na wewe mwenye kuku kumi, kumi na watano au ishirini nyuma ya nyumba, wale wanaofunguliwa asubuhi wakaparure na kurudi bandani wenyewe jua likizama. Nataka tuzungumze juu ya jogoo. Naanzia pale majogoo bora wa nchi hii wanapoishia: ndani ya tenga, juu ya gari, njiani kwenda Dar es Salaam.

Wewe wa Singida, Dodoma, Tabora au Shinyanga unalijua jambo hili kuliko mimi. Mchuuzi anaingia uani akikokota baiskeli, tenga limefungwa nyuma. "Shikamoo, mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Anasalimia vizuri, lakini macho yake yameshatangulia kwa kuku. Kabla hajapewa kigoda ameshamwona yule mkubwa kuliko wenzake, mwenye kifua kilichojaa na miguu minene. "Mama, huyo mwekundu nikupe ngapi?" Mama ana daftari za watoto za kununua. Wanavutana kidogo, wanakubaliana, jogoo anafungwa miguu. Siku chache baadaye anakuja mkwe, na mkwe hachinjiwi kuku mdogo, kwa hiyo anakamatwa wa pili kwa ukubwa. Idi au Krismasi inamchukua wa tatu. Anayebaki ni yule pora mwembamba ambaye mchuuzi alimpima kwa mkono, akamwachia arudi chini. Huyo ndiye atakayekuwa baba wa vifaranga wote wa mwaka unaofuata.

Hakuna aliyekaa akamchagua. Amekuwa baba kwa sababu hakuna aliyemtaka kwa jambo lingine lolote. Mwaka unaofuata mambo yanakwenda vilevile, na unaofuata tena, halafu tunakaa barazani tukisema kuku wa kienyeji ni wadogo kwa asili yao, wanakua polepole, hawana faida. Mimi naamini sehemu kubwa ya udogo huo tumeutengeneza wenyewe kwa mikono yetu, kwa kumuuza na kumla baba mzuri na kumbakiza dhaifu. Na naamini pia kwamba jambo hili linarekebishika bila mkopo, bila mashine na bila kungoja mradi.

Fanya hesabu ndogo nami. Tetea wa kienyeji hutaga kwa awamu, mara nyingi awamu tatu hivi kwa mwaka, na kila awamu mayai kumi hadi kumi na tano. Tuseme katika kila awamu amekuza vifaranga watano tu, wengine wamechukuliwa na mwewe na kicheche. Kwa mwaka amekupa kuku kumi na watano. Ukimkosea yeye katika kuchagua, umekosea kuku kumi na watano. Lakini jogoo mmoja anayepanda matetea kumi ni baba wa kuku mia moja na hamsini kwa mwaka huohuo, na kila mmoja wao ana nusu ya damu yake. Ndiyo maana nasema ukiwa na nafasi ya kuchagua kuku mmoja tu kwa makini katika boma lako lote, basi awe jogoo.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kwa wasikilizaji wa mjini, wa Tabata, Mbagala, Sakina na kwingineko, wenye matetea wanne au watano kwenye banda la ukutani na wanataka mayai ya kifungua kinywa tu. Ninyi hamhitaji jogoo. Tetea hutaga bila jogoo. Mayai ya trei yanayouzwa madukani yametoka kwa kuku ambao hawajawahi kumwona jogoo. Jogoo ni wa kupata vifaranga, na kwa kuku wanaozurura ni mlinzi pia. Kama huna haja na hayo mawili, mwache jirani alale.

Sasa kwa wewe unayetaka vifaranga. Watu wengi wakienda kuchagua jogoo wanaanza na umbo lake. Mimi nitakuomba uanze na mama yake.

Jogoo hatagi. Haatamii. Hatembezi vifaranga wala hawafuniki kwa mbawa mvua ikinyesha. Ukimtazama jogoo mwenyewe, hata ukimtazama mchana kutwa, huwezi kuona kama amebeba damu ya utagaji mzuri au ya utagaji mbovu. Lakini amebeba, na atawapa binti zake. Pa kuiona damu hiyo ni kwa mama yake na kwa dada zake. Katika boma lako yupo tetea mmoja ambaye wewe mwenyewe unamjua. Akiatamia mayai kumi na mawili, anatotoa kumi au kumi na mmoja. Akiwatoa nje vifaranga, jioni anarudi nao karibu wote, na mwewe akipita yeye hapigi kelele tu, anainua mbawa na kumkabili. Ugonjwa ulipopita kijijini, yeye alibaki. Mwana wa kiume wa tetea huyo ndiye unayemtafuta, hata kama kwa ukubwa ni wa pili au wa tatu katika kundi.

Shida ni kwamba vifaranga wakishaachana na mama yao wanachanganyika, na baada ya miezi minne hujui nani ni mwana wa nani. Kwa hiyo weka alama mapema. Mama yao anapokaribia kuwaacha, wafunge vifaranga wa tetea yule bora kitambaa chepesi cha rangi moja mguuni, wa tetea mwingine rangi nyingine. Usikaze, na kila wiki mbili ukague, maana mguu unanenepa na kamba inaweza kuzama ndani ya ngozi. Kazi hii ya dakika chache ndiyo itakayokuwezesha, wakifikisha miezi mitano, kusema kwa uhakika: yule pale ni mtoto wa fulani.

Wapo pia wanaomfukuza jogoo kwa kosa lisilo lake. Nimewasikia wengi wakisema, "Jogoo huyu anazaa majogoo tu, simtaki." Kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa kuku ni kinyume: jinsia ya kifaranga inaamuliwa na yai la mama. Jogoo hana la kufanya hapo. Ukipata vifaranga wengi wa kiume mara moja au mbili, hiyo ni bahati ya mafungu tu, usimuuze jogoo mzuri kwa sababu hiyo.

Haya, sasa tumshike jogoo mwenyewe. Mshike jioni, akiwa ameshapanda kwenye kichanja chake, maana mchana utamkimbiza hadi atwete na hutajua kama anahema hivyo kwa ugonjwa au kwa mbio zako. Sikiliza kwanza pumzi. Weka sikio mgongoni pake. Ukisikia mkoromo au kama kitu kinachochemka ndani, mrudishe. Macho yawe mawili mazima, yenye kung'aa, bila ute. Mdomo wa juu na wa chini ukutane sawasawa. Mdomo uliopinda upande ni kasoro ambayo mara nyingi huzaliwa nayo, na jogoo wa namna hiyo hali vizuri. Upanga wa kichwani na ndevu viwe vyekundu na vyenye uhai, visiwe na weupe wala uzambarau. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka mbele kwenda nyuma. Uwe umenyooka, na nyama iwe imejaa pande zote mbili. Mfupa ukikukata kidole huyo amekonda, tafuta sababu. Fungua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya haja, utazame chawa na utitiri. Wadudu hao si sababu ya kumkataa, lakini wanatakiwa kuondolewa kabla hajaingia bandani.

Miguu nitakaa nayo kidogo, kwa sababu jogoo anapanda kwa miguu. Jogoo mwenye kidole kilichopinda, goti lililovimba au kidonda cha wayo anaweza kuwika vizuri na kupendeza vizuri, na bado mayai yako yakawa viza. Hawezi kusimama imara mgongoni kwa tetea. Mtembeze kwenye ardhi ngumu. Akichechemea, mwache. Kisha tazama kikwaru, ule mwiba wa nyuma ya mguu. Kwa kijana ni kama uvimbe mdogo tu. Anavyozeeka unarefuka na kujikunja. Kikwaru kirefu chenye ncha kinawachana matetea mgongoni, kwa hiyo kama unampenda jogoo mwenyewe, kata ile ncha tu kwa msumeno mdogo na uisugue iwe butu. Usikate hadi katikati, ndani mna mfupa na damu.

Umri unaofaa ni kuanzia miezi minane hadi mwaka na nusu. Majogoo wengi wa kienyeji huanza kuwika na kupanda kabla ya hapo, miezi mitano au sita, lakini pora wa umri huo bado anakua na hujaona atafika wapi. Akishapita miaka miwili au mitatu nguvu za uzazi zinashuka, hata kama sauti bado ni ileile.

Umbo likishapita, mtazame tabia, na hapa ndipo ninapofurahi zaidi, kwa sababu jogoo mzuri ni kiumbe mwenye akili na huruma kwa kundi lake. Rusha mtama kidogo mbele yake, ujitenge, utazame. Jogoo anayefaa haanzi kula. Anaokota punje, anaiachia, anaiokota tena, huku akitoa mlio mfupi mfupi wa kuita, na matetea wanakuja mbio kula mbele yake. Yule anayeinamisha kichwa na kumaliza mtama peke yake anaweza kuwa na afya, lakini matetea hawamfuati, na jogoo asiyefuatwa hupanda kwa kukimbiza na kulazimisha. Watafiti walichapisha mwaka 2000 kwamba tetea akilazimishwa na jogoo wa hadhi ya chini anaweza kuitoa mbegu yake papo hapo. Kwa hiyo kupanda mara nyingi si dalili ya kutosha. Tazama jioni, saa kumi na moja hivi, wakati ambao majogoo hupanda zaidi, uone kama tetea anachuchumaa kwa hiari au anakimbia akipiga kelele.

Sikiliza pia milio yake ya hatari. Jogoo mwenye uzoefu ana mlio mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini. Mwewe akipita, anatoa mlio mwembamba mrefu, na kundi zima linajibana chini ya kichaka bila kusogea. Nguchiro au paka akitokea, anapiga kelele za kukatikakatika na kila kuku anainua shingo atazame. Kijana wa miezi mitano huwa anakosea, anapiga mlio wa mwewe hata kwa njiwa, mpe muda. Lakini jogoo mzima ambaye mwewe akishuka yeye ndiye wa kwanza kuingia kichakani bila kusema neno, huyo mwache mchuuzi amchukue.

Ukiwa na mapora watatu au wanne na hujui mkubwa wao ni nani, amka alfajiri. Anayewika wa kwanza ndiye mwenye cheo, na wengine humfuata kwa zamu ya vyeo vyao. Watafiti wa Japani waliandika hivyo mwaka 2015 baada ya kuwachunguza majogoo waliowekwa pamoja. Lakini mwenye cheo si lazima awe ndiye mtoto wa tetea bora. Kama siye, muondoe, ili yule uliyemkusudia apate nafasi.

Kuna kasoro moja ya tabia ambayo siivumilii: jogoo anayeshambulia watu. Anamrukia mtoto anayekwenda kuokota mayai, anamvizia bibi anapogeuka. Wengine wanamsifu kwamba ni mkali, analinda. Kikwaru kwenye jicho la mtoto wa miaka mitatu si ulinzi. Tena ukali huo kwa sehemu unarithiwa, ukimzalisha utakuwa na majogoo kumi wa namna ile. Muuze au mchinje, lakini asiwe baba.

Hapo najua wapenzi wa Kuchi wameshainua masikio. Kuchi ni jogoo wa fahari kweli: mrefu, shingo ndefu, mdomo mfupi uliopinda, upanga mdogo, kifua kilichosimama. Anapatikana Kanda ya Ziwa na Tabora hadi visiwani Unguja na Pemba, na watafiti wa nasaba wamemkuta na undugu na kuku wapiganaji wa Asia ya mashariki, jambo ambalo halishangazi pwani iliyopokea majahazi kwa karne nyingi. Jogoo wa Kuchi aliyekomaa hupita kilo mbili na nusu, wakati jogoo wa kawaida wa kijijini ni kilo moja na nusu hadi mbili. Ukimpandisha kwa matetea wa kawaida unapata vifaranga wenye miili. Lakini ujue unachonunua: matetea wa damu ya Kuchi hutaga mayai machache, vifaranga wake huchelewa kuota manyoya, na majogoo wake hawawezi kukaa pamoja bila kumwagana damu. Kwa anayetaka nyama ya kuuza anafaa. Kwa anayetaka mayai na vifaranga wengi, jogoo mwekundu wa aina ya Singamagazi au mtoto wa tetea wake bora mwenyewe atamfaa zaidi.

Kwa wenzangu wa Dar, Tanga, Lindi na kila penye joto, msimdharau kishingo. Watu wanamwona mbaya kwa shingo yake tupu, lakini kuku huyo ana manyoya machache mwilini kuliko wenzake na anapoteza joto kwa urahisi. Jua likiwa kali yeye bado anakula wakati wengine wametanua mbawa na kuhema. Hali hiyo hurithiwa waziwazi: jogoo wa kishingo atakupa vishingo angalau nusu ya vifaranga. Kidimu naye, mwenye manyoya yaliyojikunja, anastahimili joto, ila usimpandishe jogoo wa kidimu kwa tetea wa kidimu, maana baadhi ya vifaranga wao huota manyoya dhaifu yanayokatika hadi wanabaki karibu uchi.

Rangi? Haiongezi nyama wala yai. Mahali penye mwewe wengi mimi nakwepa jogoo mweupe pe, kwa sababu kifaranga mweupe kwenye ardhi nyekundu anaonekana kutoka mbali. Zaidi ya hapo chagua unayempenda au anayelipa sokoni kwenu.

Kuhusu chotara, Sasso wa asili ya Ufaransa na Kuroiler wa asili ya India, ambao siku hizi wanauzwa sehemu nyingi, nitasema wazi. Ni kuku wazuri kwa kazi yao. Wanakua haraka, wanavumilia kuliko kuku wa kisasa wa kizungu. Lakini wao wenyewe ni mchanganyiko uliopangwa kiwandani, na mchanganyiko haujirudii: watoto wa jogoo chotara hutoka kila mmoja na lake, mkubwa huyu, mdogo yule. La pili, damu hiyo inapunguza hamu ya kuatamia. Mimi nimeona watu wakishangilia vifaranga wakubwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu hawana tetea hata mmoja anayekaa juu ya mayai. Kama huna mashine ya kutotolesha, tetea anayeatamia ndiye mashine yako. Usimfute kwa jogoo mmoja.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hili linaharibu makundi mengi kimyakimya. Jogoo wako ni mzuri, umemchagua kwa mama yake, anaita, analinda. Binti zake wakianza kutaga, ambayo kwa kienyeji ni kama miezi sita au saba tangu watotolewe, lazima aondoke. Akiwapanda binti zake, robo nzima ya urithi wa vifaranga wao itakuwa imetoka mahali pamoja pande zote mbili, na udhaifu uliokuwa umejificha unajitokeza. Utaona mayai yana mbegu lakini vifaranga wanafia ndani ya ganda, au wanatoka na vidole vilivyopinda, au wanakua kwa kusuasua na homa ndogo inawamaliza. Wafugaji wengi wakiona hivyo wanalaumu chakula au jicho la mtu, na baba yupo palepale anawika.

Dawa ni kubadilishana. Tafuta mfugaji mwenzako unayemwamini, si wa ua wa pili, kwa sababu kuku wa majirani hukutana majalalani na pengine jogoo wake ni mtoto wa jogoo wako. Awe wa kijiji cha mbali kidogo. Mpe mwana wa tetea wako bora, akupe mwana wa tetea wake bora. Hakuna pesa inayotoka. Kenya walilipa jambo hili uzito wa kitaifa: mpango wao wa kuendeleza kuku ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi ulikuwa na sehemu ya wafugaji kubadilishana majogoo wao kwa walioboreshwa. Ninyi mnaweza kuufanya wa kwenu kwenye kikundi cha akina mama, mkikutana kuweka akiba, kila mmoja amtaje jogoo wake na mama yake.

Kama huna wa kubadilishana naye na ni lazima ununue, nenda nyumbani kwa mfugaji, umwone jogoo kati ya ndugu zake, na umwombe akuonyeshe mama. Sokoni usinunue jogoo wa uzazi, hasa kiangazi kinapokolea, miezi ya Agosti hadi Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mdondo, wengine mnauita kideri, hupita vijijini, na mtu akiona kuku wawili wamekufa, walio hai anawakimbizia sokoni. Jogoo anayeonekana mzima Jumamosi anaweza kuwa ndiye anayeuingiza msiba bandani kwako.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa mfugaji hilo ni agizo la afya. Mgeni wako mfunge au mtenge mbali na wenzake kwa wiki tatu, na umhudumie wa mwisho, baada ya kuwalisha wako. Ukimaliza kwake, nawa mikono na ubadilishe viatu. Muda huo mpe dawa ya minyoo, mwondoe utitiri, na kama hujui historia yake mpe chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, ile ya I-2 isiyoharibiwa upesi na joto, tone moja, kisha irudiwe kila baada ya miezi mitatu pamoja na kundi lote.

Idadi ya majogoo isikusumbue sana. Matetea kumi kwa jogoo mmoja inatosha. Jogoo mzito kama Kuchi mpe sita hadi wanane. Ukiwa na majogoo wengi kuliko hapo, utaona matetea wamenyonyoka migongo na visogo, wanakaa juu ya kichanja mchana kwa kuogopa kushuka. Lakini weka pora mmoja wa akiba, wa tetea mwingine, akikulia pembeni, kwa sababu mwewe, gari na mdondo havichagui.

Na siku ya kubadilisha ikifika, kumbuka kwamba jogoo aliyeondoka bado yupo kwa namna yake. Tetea ana vijifuko vidogo katika mrija wake wa uzazi vinavyotunza mbegu, na anaweza kutaga mayai ya jogoo wa zamani kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu, baada ya kupandwa mara ya mwisho. Kwa hiyo muondoe wa zamani, mwingize mpya, halafu hesabu wiki tatu kamili. Mayai ya muda huo kula au uza. Baada ya hapo anza kukusanya ya kuatamiwa, ukiyaandika tarehe kwa penseli. Siku ya saba chini ya tetea, usiku, yamulike kwa tochi chumba kikiwa na giza: lenye mishipa ya damu lina kifaranga, lililo angavu halina. Yakipatikana manane au tisa yenye mishipa katika kumi, jogoo wako anafanya kazi. Yakiwa manne, mkague tena miguu kabla hujamlaumu tetea.

Mchuuzi atapita tena, labda wiki hii. Kabla hajapita, shuka uani, mwonyeshe kila mtu wa nyumbani yule pora uliyemchagua, pamoja na watoto, na uwaambie huyo hauzwi na hachinjwi, hata akija mkwe. Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumza juu ya kiota na namna ya kumwatamisha tetea mayai ya wenzake.